Mradi Ukiondoka, Uji Utabaki?

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu chakula cha watoto wa darasa la awali. Nimejibu nne.

Mradi unaotuletea unga wa lishe unamalizika Desemba. Nitajuaje kama uji utaendelea? (Mwalimu wa awali, Singida)

Mwalimu, Desemba ni mbali. Chagueni wiki mbili sasa hivi, unga wa mradi ufungiwe stoo, mpike kwa vya kwenu wenyewe. Kila siku andika kwenye daftari: unga umetoka kwa nani, kuni kaleta nani, maji yamechotwa wapi, mpishi kapewa nini. Mstari utakaobaki mtupu ndiyo kazi yenu ya kufanya kabla mradi haujaondoka.

Nililijaribu hili katika shule moja mwaka juzi. Unga ulipatikana siku ya kwanza, wazazi walijitahidi kweli. Siku ya tatu sufuria haikubandikwa jikoni. Mpishi alikuwa akilipwa na mradi, na katika vikao vyote hakuna aliyewahi kumtaja. Watoto walikaa na vikombe vyao vya plastiki mpaka saa tano, wakarudi nyumbani. Taarifa za mradi zilikuwa zimehesabu vikombe vya uji, basi.

Kukabidhiana kunataka muda. Kenya, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kukabidhi kazi ya kulisha watoto shuleni kwa serikali mwaka 2009, kidogo kidogo, hadi likamaliza 2018.

Mzazi asipochanga mahindi, mtoto wake anywe uji? (Mjumbe wa kamati ya shule)

Anywe. Mtoto wa miaka mitano hadaiwi debe la mahindi, na kumkalisha pembeni akiwatazama wenzake ni kumuumiza bure. Mfuateni mzazi, kwa heshima, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Mwangalie pia mnadai lini. Penye msimu mmoja wa mvua, mwezi wa pili nyumba nyingi hazina kitu. Daini baada ya mavuno. Asiye na shamba alete kuni au ashike zamu ya kupika. Kisha hesabuni kaya zinazochangia kila muhula. Zikipungua, itisheni mkutano kabla gunia halijaisha.

Tumepima urefu wa watoto muhula mzima, waliodumaa bado wamedumaa. Tumeshindwa? (Mlezi wa kituo cha watoto)

Hamjashindwa, mama. Udumavu hujengeka zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao wanakuja kwako tayari wakiwa hivyo. Wewe angalia mahudhurio, siku ambazo chakula kilipikwa kati ya siku zote za masomo, na kilichomo chunguni. Je, kuna kunde au maharage? Mboga? Tunda hata mara moja kwa wiki? Uji wa sembe na sukari ukiendelea miaka kumi, tumewashibisha watoto lakini hatujawalisha vizuri. Hapo mimi siwezi kusema mpango umefaulu.

Bustani yetu ya mchicha hukauka kila kiangazi. (Mwalimu, Shinyanga)

Wasukuma mnayo nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi. Waiteni bibi za pale kijijini wawafundishe watoto na walimu. Anikeni mahali safi, mfunike kwa kitambaa chepesi, maana jua kali likipiga majani moja kwa moja hupunguza vitamini A.

Mkitunza karanga na mahindi stoo, yakauke kabisa na yakae juu ya mbao, yasiguse sakafu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga. Punje zenye ukungu zichambuliwe zitupwe, na kuku pia wasipewe.