Maswali ya wasomaji: Kengele moja haisikii kila gesi

Nimenunua basi dogo lililotoka Ulaya, lenye kitanda, jiko na mtungi wa propani ndani ya kabati. Karibu na sakafu kuna kengele ya gesi. Inatoa mlio mmoja mfupi karibu kila dakika, mchana na usiku. Fundi anasema nikate waya. Nikate?
*Dereva, Ndosho, Goma*

Usikate, baba. Mlio mmoja mfupi unaorudi-rudi hivyo kwa kawaida si wa gesi. Ni kengele yenyewe inayosema imezeeka au haipati umeme wa kutosha. Mlio wa hatari ni mkali na hufuatana bila kupumzika, au huja kwa mafungu ya karibu-karibu.

Ibandue ukutani usome mgongo wake. Utakuta tarehe ya kutengenezwa au ya kubadilishwa. Kiungo kinachonusa gesi huchakaa hata kama hakijawahi kukutana na gesi yoyote, na watengenezaji wengi hukipa kati ya miaka 5 na 10. Kama tarehe imepita, hakuna ufundi wa kufanya hapo: nunua nyingine. Tafuta iliyoandikwa EN 50194-2 kwa gesi ya kupikia na EN 50291-2 kwa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu itokayo kwenye moto usiopata hewa ya kutosha. Hizo ni namba za Ulaya za vifaa vya magari ya kulala, vilivyopimwa kwa mtikisiko, na barabara zetu za mawe ya lava zinautoa mwingi.

Kama tarehe bado, pima volti kwenye waya za kengele gari likiwa limezimwa. Kigunduzi cha propani kina kiungo kinachopashwa moto muda wote, kwa hiyo hula umeme usiku kucha. Kinachotumia miliampea 100 kinamaliza ampea-saa 2.4 kwa siku. Gari likisimama wiki mbili bila kuwashwa, karibu nusu ya betri ya ampea-saa 70 imekwenda, na hapo kengele huanza kulalamika.

Ikilia kwa nguvu na huna jiko linalowaka, usikimbilie kusema imeharibika, lakini fahamu vinavyoidanganya: marashi ya kupuliza, dawa ya mbu, gundi, pombe ya kusafishia, na betri ya asidi inayochajiwa ndani ya gari. Betri hiyo hutoa hidrojeni, nayo huamsha kengele nyingi za propani na hata za monoksidi. Ipe betri njia yake ya hewa inayotokea nje.

Sasa kitu ambacho mafundi wengi hawakiangalii. Propani ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi. Hushuka na kujaa chini kama maji, ndiyo maana kengele yake hufungwa sentimita 10 hadi 30 juu ya sakafu. Kwa sababu hiyohiyo kabati la mtungi lina matundu sakafuni yanayotokea nje, chini ya gari. Madereva huyaziba kwa matambara ili vumbi lisiingie. Yazibue leo. Propani ikifika 2.1% tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua, na kengele pekee haiwezi kufanya kazi ya tundu.

Kila unapobadilisha mtungi, changanya sabuni ya maji na maji, paka kwenye vali, kwenye kidhibiti cha presha na ncha zote mbili za mpira. Povu likitokea, kuna uvujaji. Ukunje mpira kwa mkono: ukiona nyufa, badilisha. Kidhibiti cha Ulaya kikikataa kuingia kwenye mtungi wa hapa, usikilazimishe wala usikifunge kwa mpira wa tairi. Tafuta kinacholingana na mtungi, chenye presha iliyoandikwa kwenye jiko.

Kengele ya propani ikilia kweli: usiwashe wala usizime swichi yoyote, usiguse simu, funga vali ya mtungi kama unaifikia, fungua mlango, toka. Dirisha la juu halitoshi, kwa maana gesi iko miguuni.

Mtoto wangu ni mchanga. Usiku wa mvua naingiza mbabula, jiko la mkaa, chumbani makala yakishaiva na moshi umekwisha. Ndugu yangu alituletea kengele ya monoksidi. Ililia saa sita usiku, na hapakuwa na moshi hata kidogo. Imeharibika?
*Mama, Katindo*

Hapana, mama. Imefanya kazi yake. Tafadhali usiingize mbabula hiyo tena chumbani.

Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Moshi umekwisha, lakini makala yanaungua bila hewa ya kutosha na kutoa monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sufuria ya maji juu ya mbabula haiinyonyi. Nyufa za nyumba ya mbao hazitoshi, hasa mkishaning'iniza turubai kuzuia mvua.

Kengele ya Ulaya ya aina hii huhesabu kiasi pamoja na muda. Sehemu 50 katika milioni moja za hewa, hulia baada ya dakika 60 hadi 90. Sehemu 100, kati ya dakika 10 na 40. Sehemu 300, ndani ya dakika 3. Kwa hiyo ikilia, mmekwisha kuvuta kiasi: tokeni nje wote, umbebe mtoto kwanza.

Monoksidi ni nyepesi kidogo kuliko hewa na huchanganyika nayo chumba kizima. Kengele yake ikae kwenye usawa wa pua ya aliyelala, mita 1 hadi 3 kutoka kwenye jiko, si nyuma ya kabati wala pazia. Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi. Usiijaribu kwa kuiweka kwenye bomba la moshi la pikipiki, utaua kiungo chake.

Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikija, miguu ikilegea, watu wengi hudhani malaria. Dalili ya kutofautisha: hakuna homa, wanaumwa watu kadhaa wa chumba kimoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Kwenye kituo cha afya mwambieni muuguzi waziwazi, «tulilala na mbabula». Kifaa cha kubana kidole, kinachopima oksijeni ya damu, kinaweza kuonyesha 98% kwa mgonjwa aliyejaa monoksidi, kwa kuwa hakitofautishi damu hiyo na yenye oksijeni. Dawa ni oksijeni kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida nusu ya monoksidi hutoka kwa saa 4 hadi 5, kwa oksijeni safi ni kama saa 1 hadi 1.5.

Kengele ya gari langu itanusa mazuku nikilala kando ya ziwa?
*Msomaji, Kyeshero*

Haitanusa. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini. Haiwaki, na si monoksidi. Kengele ya propani na monoksidi itakaa kimya mpaka mwisho. Hata vile vipimo vya hewa ya ofisi vinavyouzwa mtandaoni vingi vinakomea sehemu 5,000 katika milioni, yaani 0.5%, wakati mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache hewa ikiwa na zaidi ya 10%. Kinachofaa ni kipimo cha miale ya infraredi kinachosoma asilimia, kama vile vya viwanda vya bia.

Usilale kwenye bonde wala shimo la lava, hasa alfajiri isiyo na upepo. Ukikuta mijusi, ndege au mbuzi waliokufa mahali pa chini, ondoka. Waulize wenyeji na Observatoire Volcanologique de Goma (wachunguzi wa volkano) kabla ya kuegesha. Na mtu akianguka ndani, usishuke wala kuinama kumwinua: mvute kwa kamba au mti mrefu ukiwa juu.

Jenereta ikae umbali gani?
*Msomaji, Himbi*

Angalau mita 6 kutoka mlango na madirisha, bomba likitazama upande mwingine. Barazani ni ndani pia. Ukilala garini karibu na jenereta ya jirani, funga madirisha ya upande huo na uache kengele ya monoksidi iwe na umeme.