Ukuta wa chuo: maswali yenu kuhusu vigae

Tangu nieleze tulivyopamba ukuta wa chuo kimoja cha ufundi mtaani kwetu kwa vipande vya vigae, mmeniuliza mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Kila fani inataka picha yake. Nani aamue?

Mtu mmoja, akishawasikiliza wote. Kwetu washonaji walichora cherehani, maseremala randa, wachomeleaji cheche. Msanii mmoja akaviunganisha kuwa mchoro mmoja, akauhamishia ukutani kwa mkaa. Baada ya hapo haongezi mtu mstari, hata mkuu wa chuo. (Alijaribu. Tukampa pembeni ajaze samaki.) Wabandikaji wana uhuru wao kwenye rangi na namna ya kuvunja vipande. Mkiugawa ukuta mita moja kwa kila fani, mtapata ubao wa matangazo.

Gundi tulinunua ya bei, mbona vigae vinadondoka?

Msiilaumu gundi kabla ya kuupima ukuta. Gundi ikipakwa juu ya rangi hushika rangi tu, na rangi ikibanduka inaondoka na kila kitu. Kwangueni mpaka lipu. Kisha gongeni kwa mpini wa mwiko: panapolia kama mtungi mtupu, lipu imeachana na tofali, bomoeni. Lipu mpya imwagiliwe, iachwe kama wiki nne.

Halafu kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini na kuacha ile chumvi nyeupe. Hapo ndipo tulipokosea sisi: tulianzia chini kabisa ili watoto wafikie, na masika yalipokuja safu ya chini ikaachia. Siku hizi naacha sentimita 30 tupu, watoto napanga benchi wapande.

Jambo jingine, mkichanganya na vipande vya sahani za nyumbani, sahani hizo zina mng'aro pande zote mbili. Kwaruzeni mgongo wake, la sivyo hazishiki.

Mzee mmoja anasema huu ni uigaji wa Wazungu.

Mpelekeni Kunduchi, Dar es Salaam, au Mambrui karibu na Malindi, Kenya, akaone makaburi ya nguzo, yale ya kale yenye nguzo ya mawe juu yake. Wahenga wetu walipachika bakuli za kauri za China kwenye chokaa kabla msanifu majengo Antoni Gaudí hajaanza Park Güell, bustani maarufu kwa mapambo ya vipande vya vigae, kule Barcelona, Hispania, mwaka 1900. Bakuli nyingi zimeng'olewa na watu, lakini mashimo yake ya duara bado yapo, kama nyayo. Mimi nikiona mashimo yale naona kazi ya fundi aliyeijua chokaa yake.

Watoto hawatajikata?

Wakubwa wavunje, vipande vikiwa ndani ya kiroba na miwani usoni. Watoto wabandike tu. Na saruji ya kujazia nafasi inachoma ngozi, kwa hiyo glavu kwa kila mtu.

Msanii tumlipe? Si kazi ya kujitolea?

Mlipeni. Mwanafunzi anajitolea Jumamosi mbili, msanii anaacha kazi zake mwezi mzima. Na jina lake liandikwe ukutani: kwa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa haki ya kutajwa. Kabla ya kuanza, andikeni pia nani atakarabati. Sisi tuna kiroba kimoja cha vipande vya akiba stoo, na kila baada ya masika fundi hupita na mwiko wake kugonga.