Kipimajoto kimepanda, mbona jibu ni hasi?

"Shikamoo madam. Nimechanganya asidi na besi, kipimajoto kimepanda, halafu mwalimu anataka jibu la badiliko la nishati liwe hasi. Kwa nini?"

Ujumbe huu umetoka kwa binti wa Kidato cha Tano, Arusha. Swali hilohilo niliwahi kuuliza darasani nikiwa Kidato cha Tano hapa Moshi. Mwalimu akanijibu mbele ya wenzangu kwamba kemia ya hesabu si ya wasichana. Nililia bwenini usiku ule, na maneno yale yananichoma hadi leo. Sasa nafundisha kemia Majengo, na mabinti waliopita mikononi mwangu wanarudi na A zao. Najivunia, sifichi.

Marahaba, mwanangu. Kipimajoto kinapima maji, hakipimi dutu zilizomenyuka. Nishati imezitoka dutu ikaingia kwenye maji. Ni kama mama aliyenunua ndizi sokoni Mbuyuni: droo ya muuzaji imenona kwa sababu pochi ya mama imepungua, na wewe umeulizwa habari za pochi.

Chukua sm³ 50 za asidi ya haidrokloriki yenye moli 1 (moli ni kipimo cha wingi wa chembe) kwa lita, na sm³ 50 za haidroksaidi ya sodiamu yenye nguvu hiyohiyo. Changanyia kwenye kikombe cha povu, maana bika ya kioo inapoteza joto jingi. Tuseme nyuzijoto zimepanda kwa 6.8. Uzito ni gramu 100, si 50, kwa kuwa vimiminika vyote viwili vimepata joto. Kila gramu ya maji hudai jouli 4.18 ili ipande nyuzi moja, basi 100 × 4.18 × 6.8 ni jouli 2,842, yaani kJ 2.84. Wengi huweka kalamu chini hapo. Endelea! Maji yaliyoundwa ni moli 0.05, gawanya, utapata kama 57. Weka hasi: kJ −57 kwa moli.

Kwenye bondi, yaani vifungo vinavyoshikanisha atomi, ndiko wengi wanakopotea, wakiamini kwamba kuvunja bondi kunatoa nishati. Kuvunja kunakula nishati, kuunda ndiko kunakotoa. Haidrojeni na klorini: H–H inadai kJ 436, Cl–Cl 242, jumla 678. Zinaundwa bondi mbili za H–Cl, kila moja 431, jumla 862. 678 kutoa 862 ni −184, na hiyo ni ya moli mbili za HCl. Ukiulizwa ya moli moja, andika −92.

Upande wa pili, ambako jibu ni chanya: nyumbani chukua mbolea ya urea, koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, kisha ishike kwa nje. Inapoa. Kutenganisha chembe za urea kumekula nishati nyingi kuliko ile iliyotolewa zilipokumbatiwa na maji, na tofauti imechotwa kwenye maji yenyewe. Nawa mikono ukimaliza.

Mabinti, msikubali mtu awapangie somo kwa jinsia yenu. Acheni kukariri alama za hasi na chanya. Kokotoeni, kesho mrudie, keshokutwa mrudie tena. Akikucheka mtu, fungua daftari.

Kuhusu mwanakemia Hess, aliyetoa kanuni yake mwaka 1840: nishati ya jumla haijali mmenyuko umepita njia gani. Ukigeuza mlinganyo, geuza na alama. Ukiuzidisha kwa 2, zidisha na nishati yake. Kabla hujajumlisha, kagua hali ya kila dutu, kwa sababu maji ya kimiminika na mvuke havina thamani moja.