Jibu: Chembe za sumaku hazinasi atrazini katika maji ya mto
Salaam, ndugu. Nimeelewa kwamba chembe zako za magnetiti (madini ya chuma yenye usumaku) zilizovikwa polima ya PNIPAM (molekuli ndefu zinazobadilika kwa joto) hunasa atrazini, dawa ya kuua magugu, vizuri katika maji yaliyokenekwa, lakini kwa maji ya mto zinanasa kidogo mno. Anza na mboji iliyoyeyuka, ile inayoyapa maji rangi ya chai, kwa sababu hujibandika juu ya chembe na karatasi ya kuchujia haiizuii: zimua sampuli, ongeza atrazini ya kiasi unachokijua, na unasaji ukipanda umempata mchawi. Kisha pima joto la sampuli yenyewe, si la chumba, maana PNIPAM hujikunja na kuyakataa maji inapopita takriban nyuzi 32 za Selsiasi, nawe hukutaja joto lolote. Na kuosha chembe baada ya kazi, mimi hutumia methanoli, si asidi. Asidi kali huyeyusha magnetiti, na majimaji hugeuka manjano.