Re: Puli 30 za alumini, nikereze au nisubu?

Mkuu, kwa puli 30 (magurudumu ya mkanda) za kipenyo cha mm 200 na upana wa mm 50, subu, yaani yeyusha alumini na uimimine kwenye kalibu ya mchanga, kisha kereza kwa mashine sehemu zinazohitaji vipimo kamili tu. Ukikata kutoka kwenye pande zima, kila kipande kinaanza na kilo 4.2 hivi, na sehemu kubwa inaishia kuwa mabaki ya kukereza sakafuni. Kalibu ya chuma ya kudumu itakulipa ukifikia mamia ya vipande.

Mfano wa mbao, ule unaoacha umbo la puli kwenye mchanga, usiwe mm 200. Alumini husinyaa takriban asilimia 1.3 ikipoa, na unahitaji mm 3 za kukereza kila upande. Kwa hiyo 206 × 1.013, yaani karibu mm 209. Kuta za mfano ziinamie nyuzi 2 ili mfano utoke bila kubomoa mchanga.

Panapoharibika mara nyingi ni kitovu. Ni kinene, kinapoa mwisho, na diski nyembamba inayokiunganisha na ukingo, ikiwa imekwisha kuganda, haiwezi tena kukilisha, hivyo kinabaki na matundu ndani. Weka akiba ya alumini iliyoyeyuka juu yake, na maungio ya diski na kitovu yawe ya mviringo, si kona kali. Mchanga wenye maji mengi nao huleta vitundu vya gesi.

Kereza tundu la shafti na mfereji wa mkanda bila kufungua kipande kwenye mashine, la sivyo puli itayumba. Kwa mkanda wa V wa saizi B, pembe ya mfereji iwe nyuzi 38.

Mota yako ni ya kilowati ngapi?