Lebo isome mwisho: kwa anayeanza kutafuta bouzouki za zamani

Bouzouki, ala ya nyuzi ya Kigiriki yenye shingo ndefu, yangu ya kwanza ilikuwa "ya 1935"; niliinunua Jumapili moja kwenye gulio la Monastiraki, Athens, pale uwanja wa Avissinias. (Ndiyo, maana yake Habeshi.) Nikaipeleka kwa fundi aliyekuwa akinifundisha, kifua mbele. Akamulika tunduni, akasoma lebo, akacheka hadi akatafuta kiti. Kichwani nilikuwa nimeshaiuza kwa faida mara tatu.

Alichokiona ni tahajia. Hadi 1982 Kigiriki kiliandikwa kwa alama nyingi juu ya irabu: mkazo wa aina tatu, na alama ya pumzi kila neno linapoanza na irabu. Mwaka huo serikali ikabakiza mkazo mmoja tu. Lebo yangu ilijidai ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia lakini imeandikwa kama daftari la mtoto wa shule wa leo. Kipimo hiki hakifai kwa lebo ya herufi kubwa tupu, maana hizo hazibebi alama. Hapo tazama jina la mji: lebo za zamani huandika "En Athinais", Kigiriki rasmi cha wakati huo, ilhali leo mji ni Athina tu.

Lakini hata lebo halali ni karatasi, na karatasi hubandukwa ikabandikwa kwingine. Kwa hiyo siku hizi naanza na kichwa cha chombo.

Bouzouki ya kabla ya vita ina nyuzi 6 kwa jozi 3, zinazotiwa sauti re-la-re. Jozi ya nne ilienea miaka ya 1950, na aliyeivumisha zaidi ni mpigaji Manolis Chiotis. Ukiambiwa "ya 1930" na ina nyuzi 8, basi ama umri ni wa uongo ama imefanyiwa upasuaji. Tafuta kovu: matundu ya skrubu yaliyozibwa nyuma ya kichwa, kivuli cha bamba la zamani la funguo za kukazia nyuzi, kipande cha mbao kilichoungwa ubavuni kupanua shingo. Geuza taratibu kwenye mwanga wa jua; rangi ya kiraka haizeeki sawa na mwenziwe. Mimi sizidharau zilizobadilishwa. Wapigaji walitaka kula, na nyimbo mpya zilidai jozi nne. Ila bei yake si ile ya chombo kizima, na muuzaji asiyelitaja hilo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kisha ingia tumboni kwa kioo kidogo na tochi. Bakuli hujengwa kwa mbavu zilizounganishwa, kama udi wa taarabu. Gundi ya ngozi ikizeeka huwa ya kahawia na hukatika kama kioo. Gundi nyeupe ya kisasa hubonyea ukucha. Skrubu yenye msalaba haikuwepo 1915, ingawa huenda ni ya fundi wa baadaye, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa skrubu moja. Taa ya urujuanimno nayo inafaa: sheleki, vanishi ya mafundi wa zamani, hung'aa rangi ya machungwa.

Si kila chombo cha Kigiriki kilitoka Ugiriki. Fundi Anastasios Stathopoulo alihamia New York 1903 akatengeneza vyombo huko hadi kifo chake 1915. Mwanawe Epaminondas ndiye wa Epiphone, kampuni ya magitaa. Hivyo lebo ya Kiingereza isikutishe.

Kabla ya kununua chochote, nenda Plaka, mtaa wa kale wa Athens, kwenye jumba la makumbusho lenye mkusanyiko wa mtafiti wa muziki Fivos Anoyanakis, vyombo kama 1,200. Acha pochi nyumbani.

Na ukikutana na baglamas, ndugu mdogo wa bouzouki, yenye bakuli la gamba la kobe, usiibebe kuvuka mpaka kabla hujauliza vibali. Forodha hawajali kama ni ya 1920.