Kwa fundi inakaa siku mbili, nyumbani saa moja haiishi: kompyuta yangu ina nini?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba miaka mitatu iliyopita. Naitumia nyumbani kuchapa barua na mitihani ya shule za jirani. Tangu mwezi uliopita inajizima ghafla, halafu inajiwasha yenyewe, na jioni ndiyo inazidi. Fundi wangu ameshaipiga Windows mara tatu. Mara ya mwisho ilikaa kwake siku mbili bila kuzima. Nimeileta nyumbani, saa moja haikuisha. Tena nikichomoa waya usiku, asubuhi tarehe inarudi mwaka 2013 na tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Ninunue nyingine? Msomaji, Tanga.

JIBU: Dada, weka hela yako mfukoni kwanza. Nusu ya jibu umeshaiandika mwenyewe, pale uliposema kwa fundi ilikaa siku mbili bila kuzima. Windows mbovu ni mbovu popote utakapoipeleka. Mashine inayokaa salama mahali pamoja na kufa mahali pengine inalalamikia kitu kilichopo pale inapofia: umeme, joto, au kifaa kilichochomekwa pamoja nayo. Fundi wako aliipiga Windows kwa sababu ndiyo kazi iliyozoeleka na ni rahisi kuilipisha. Simlaumu sana, na mbele utaona kwa nini.

Kabla ya kufungua boksi, tazama inavyokufa. Ikiganda, mshale hausogei na taa ya diski imewaka tu, anza na diski, na uhamishe mafaili yako kwanza kabla ya lolote. Ikileta skrini ya bluu yenye maandishi meupe, shuku RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) au draiva (programu inayoiunganisha Windows na kifaa). Ikizima baada ya kazi nzito, na ukiiwasha papo hapo inazima upesi zaidi mpaka uiache ipoe, hilo ni joto. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hujikata ili isiungue. Lakini ikikatika kama mtu amechomoa waya, kisha ikajiwasha yenyewe, huo ni umeme. Yako ni hiyo.

Unaweza kuthibitisha bila bisibisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, ufungue kumbukumbu za System. Utakuta alama nyekundu ya Kernel-Power namba 41. Usiishtukie. Namba hiyo huandikwa mashine ikishawaka tena, na maana yake ni kwamba haikuzimwa kwa utaratibu. Nimeona watu wakiuziwa madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwa sababu yake tu. Chenye faida kimo ndani, kwenye maelezo yake, mstari wa BugcheckCode. Kwa mashine inayojikata kama yako, ukikuta 0 ujue Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika. Ukikuta namba nyingine, kulikuwa na skrini ya bluu iliyopita upesi usiione, na hapo tutahamia kwenye RAM.

Sasa printa. Hukuitaja, lakini anayechapa mitihani mara nyingi ana printa ya leza, na nyumbani kwa kawaida yote huchomekwa kwenye ekstensheni moja. Printa ya leza huyeyusha unga wa wino kwa rola ya moto. Kila inapoamka kuchapa huvuta mamia ya wati kwa mkupuo ili kupasha ile rola. Itazame taa ya chumbani printa inapoanza kunguruma: ikififia kidogo, umeona ninachokisema. Jioni inazidi kwa sababu mtaa mzima umerudi nyumbani, pasi na majokofu yote yapo kazini, na umeme unaokufikia umeshapungua nguvu kabla printa haijaamka.

Pawasaplai, lile boksi la ndani linalopokea umeme wa ukutani na kuugawia kompyuta, ikiwa haina ubovu haisumbuliwi na hilo. Ndani yake kuna kapasita kubwa, kama kitangi kidogo cha umeme, inayotunza umeme wa kuivusha mashine kwenye mtikisiko wa milisekunde 16 hivi, chini ya muda wa kufumba jicho. Ila kapasita hukauka kwa miaka na kwa joto. Na huo mwaka 2013 ambako saa yako inakimbilia mara nyingi huwa ndio umri wa BIOS yenyewe, ile programu ya madabodi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, kwa hiyo pawasaplai yako huenda imeshapita miaka kumi. Haina tena pumzi ya kuvuka.

Yalinikuta na mimi. Mteja alinirudishia mashine mara mbili; nikapiga Windows, nikambadilishia RAM, kwangu inaenda vizuri kabisa. Mara ya tatu nikaifuata kwake. Nimekaa kwenye kiti chake natazama, binti wa ndani akachomeka pasi chumba cha pili. Skrini ikawa nyeusi. Hela ya RAM niliirudisha.

Kwa hiyo jioni ya leo ipeleke printa kwenye soketi nyingine ya ukutani, au usiiwashe kabisa, kisha tumia kompyuta saa mbili tatu. Isipozima, kesho yake rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, hifadhi kazi zako zote, utume ukurasa mmoja uchapwe. Ikijikata printa inapounguruma, umemshika mwizi. Ikiendelea kuzima hata bila printa, pawasaplai bado ni mshukiwa, lakini fungua pembeni usafishe vumbi la feni kwa brashi, ukiishika feni kwa kidole isizunguke. Tanga mna upepo wa chumvi, hivyo chomoa na RAM, usugue meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, uirudishe mpaka isikike "ta". Waya wa umeme uwe umechomolewa muda wote huo.

Fundi mwenye mita apime waya wa njano. Unatakiwa kutoa volti 12, na ukishuka chini ya 11.4 pawasaplai imechoka. Apime mashine ikiwa inafanya kazi, maana iliyochoka ikikaa bila mzigo hutoa namba nzuri kabisa za kumdanganya. Wewe boksi la pawasaplai lenyewe usilifungue hata kwa udadisi: ile kapasita kubwa inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umechomolewa.

Ukienda kununua, bandua ya zamani uende nayo dukani. Mashine nyingi za ofisini za Dell na HP hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Zina ya pini 6 au 8, na boksi lenye umbo lake. Kama ina swichi nyekundu nyuma, hakikisha imekaa kwenye 230. Ikiwa kwenye 115 kwa umeme wetu, utasikia mlio mmoja na harufu, basi. UPS ndogo, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, nayo ni nzuri kwa kompyuta, ila printa ya leza usiichomeke humo. Itaizidi nguvu mara ya kwanza tu.

Hiyo saa ni jambo dogo. Kwenye madabodi kuna betri ya mviringo kama sarafu, CR2032 ya volti 3, nayo imekwisha. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe, na kompyuta inayodhani tupo 2013 inaviona vyote havijaanza kutumika. Weka mpya, upande wenye maandishi uwe juu, ingia BIOS urekebishe tarehe.

Ukiwa humo humo BIOS, tafuta sehemu ya SATA, yaani mpangilio wa diski, uipige picha kwa simu, kisha uiache kama ilivyo. Betri ikifa, BIOS husahau ilichowekewa na kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani. AHCI na RAID ni njia mbili tofauti za madabodi kuongea na diski. Kama diski iliwekwa kwa AHCI na BIOS ikarudi RAID, Windows inagoma kuwaka kwa skrini ya bluu, ingawa haina kosa lolote. Muulize fundi wako kama mojawapo ya zile mara tatu alikuta hivyo. Nadhani atakumbuka.